Kuusoma mti kwa jina lake: mwongozo wa mimea ya asili ya mbuga ya Ziwa Nakuru

Mti wa kwanza kukukabili ukikaribia Ziwa Nakuru ni mgunga wa manjano. Shina lake linang'aa kana kwamba limepakwa rangi jana. Wamaasai wanauita olerai, Wakikuyu mũrera, na kwa Kilatini cha wataalamu ni Vachellia xanthophloea. Hilo neno refu la mwisho linamaanisha tu kwamba gome ni la manjano. Xanthos kwa Kigiriki ni manjano, phloios ni gome. Aliyelichagua alitaka uanze kuangalia shinani, si kwenye jani wala ua.

Hivyo ndivyo majina mengi ya mimea yalivyo: yanaelekeza jicho, pua au mkono mahali fulani pa mmea. Mwongozo huu ni wa mwongoza watalii, mwalimu wa klabu ya mazingira au mkazi yeyote wa Nakuru anayetaka kusimama mbele ya mmea wa kwao, kuutaja kwa majina yake, na kueleza kila jina linaonyesha nini. Ukijua jina linaonyesha nini, utaweza pia kuhakiki kama umepatia au umekosea.

Kabla ya kuingia

Mbuga ilianza mwaka 1961 kama hifadhi ya ndege, ikafanywa mbuga ya taifa mwaka 1968. Ina ukubwa wa kilomita mraba 188 hivi, ina uzio pande zote, na upande wa kaskazini imegusana na mitaa ya jiji. Ina nyati, vifaru na simba, kwa hiyo hushuki garini popote unapotaka. Unashuka sehemu zilizotengwa tu, kama vile Baboon Cliff na kwenye maporomoko ya Makalia upande wa kusini. Kuchuma jani, kukata tawi au kuchimba mzizi hakuruhusiwi. Ukihitaji sampuli kwa ajili ya masomo, omba kibali cha Shirika la Wanyamapori la Kenya (KWS) mapema kwa maandishi.

Masharti haya yanaamua namna ya kufanya kazi. Ndani ya mbuga tumia macho: darubini ya kukuza mara 8 inatosha kuona miba na maganda ya mbegu ukiwa garini. Kwenye vituo vya kushukia, angalia majani yaliyoanguka yenyewe, kisha uyaache hapo hapo. Majaribio ya kushika, kufikicha na kunusa yafanyie nje: kwenye mashamba ya watu waliokuruhusu, kwenye nyua za mitaani, au kwenye miteremko ya mlima Menengai, ambako mimea mingi ya mbugani inaota pia.

Beba daftari gumu na penseli. Wino wa kalamu unatiririka mvua ikinyesha, penseli haitoki. Beba pia lenzi ndogo ya kukuza mara 10 na tepu ya kupimia. Msimu mzuri ni mwisho wa mvua za masika, Mei na Juni, na tena mwisho wa mvua za vuli, kwa sababu wakati huo maua na matunda huonekana pamoja. Ukienda Februari utakuta nusu ya vichaka havina kitu isipokuwa vijiti.

Kwa kila mmea piga picha tano: mmea mzima, gome, upande wa juu wa jani, upande wa chini wa jani, kisha ua au tunda. Weka sarafu kando ya kitu kidogo ili ukubwa ujulikane. Picha inayosahaulika mara nyingi ni ile ya upande wa chini wa jani, na ndiyo inayoamua mambo. Mtu anarudi nyumbani na picha ishirini za mti mzima zilizopigwa kwa mbali, halafu hakuna hata moja inayoweza kutofautisha mti mmoja na jirani yake.

Daftari na maswali

Gawa ukurasa safu tano: jina, lugha, aliyelitaja anatoka wapi, jina linamaanisha nini kwa maneno yake mwenyewe, na sehemu ya mmea uliyoikagua wewe. Safu ya tano ndiyo uti wa mgongo wa kazi hii. Jina lisilo na ukaguzi wako libaki na alama ya kuuliza.

Namna ya kuuliza ina uzito wake. Usiseme, "Huu si ndio mtamaiyu?" Mzee atakubali kwa adabu, na wewe utaandika kosa lako mwenyewe kwa jina lake. Uliza wazi, tuseme unaongea na bibi Mkalenjin, yaani kogo:

"Kogo, hiki kwenu mnakiitaje?"

"Senetwet."

"Na jina lenyewe lina maana gani?"

Kisha nyamaza, ungoje. Wakati mwingine jibu litakuwa matumizi: hiki ni cha kusafishia kibuyu. Andika kama alivyosema, lakini usiyageuze matumizi kuwa maana ya jina. Majina mengi ya zamani maana yake imesahaulika, na ni sawa kabisa mtu akisema hivyo ndivyo walivyolikuta. Rudia swali lile lile kwa mtu wa pili ambaye hakumsikia wa kwanza. Wawili wakitofautiana, andika majina yote mawili. Huenda kila mmoja ana lahaja yake.

Nakuru ina lugha nyingi, na kila lugha ina mavazi yake. Usipoyajua utaandika jina moja mara tatu ukidhani ni mimea mitatu.

Kimaasai hutanguliza kiambishi cha jinsi: ol- au o- kwa jinsi ya kiume, en- au e- kwa jinsi ya kike. Jinsi ya kiume huenda pamoja na ukubwa, ndiyo maana miti mingi mikubwa ni olerai, oloirien, olpopongi. Kiswahili kikilichukua neno hukiacha kiambishi mlangoni: oleleshwa likawa leleshwa.

Kikalenjin kinaongeza mwishoni. Mmoja ni tebeswet, mingi ni tebeswek. Emitiot na emitik ni mti ule ule, umoja na wingi. Wanafunzi wengi huandika haya kama miti miwili.

Kikuyu kina mũ- kwa miti, kama Kiswahili kilivyo na m-. Ile alama juu ya u si pambo. Ũ hutamkwa karibu na o, kwa hiyo anayesikia kwa sikio la Kiswahili huandika "motamaiyo" na asiupate tena. Andika mũtamaiyũ. Kama simu yako haina herufi hiyo, andika mutamaiyu na ueleze mwanzoni mwa daftari kwamba alama zimeachwa. Kiluo hakina kiambishi kama hivyo cha miti, maneno yake huja mafupi: bondo, kang'o, yago, ochok.

Jina la kitaalamu lina maneno mawili. La kwanza ni jenasi, yaani ukoo mdogo, na huanza kwa herufi kubwa. La pili ni la spishi na huanza kwa herufi ndogo hata kama limetokana na jina la mtu au nchi. Yote mawili huandikwa kwa herufi za kulala, na ukiandika kwa mkono, piga mstari chini yake.

Mgunga, na kwa nini jina lake lilibadilika

Rudi ufukweni kwenye olerai. Karibu na mkondo wa Njoro na kando ya ziwa, tafuta mti wa hadi mita 25 wenye gome laini la manjano ya kijani lililofunikwa unga. Ukipitisha kidole juu ya mti uliomo nje ya mbuga, unga hubaki kidoleni, na chini yake gome ni la kijani kibichi. Kijani hicho ni klorofili: mti huu hutengeneza chakula hata kwa shina lake. Miba yake ni myeupe, imenyooka, imekaa miwili miwili.

Hapa pana mtego. Kuna mgunga mwingine, Vachellia seyal, ambao gome lake pia laweza kuwa la manjano ya kijani lenye unga, ingawa mara nyingine ni jekundu kama kutu. Usiamue kwa gome peke yake, licha ya jina. Angalia maganda ya mbegu kwa darubini. Ya xanthophloea yamenyooka, ni bapa na membamba kama karatasi. Ya seyal yamepinda kama mundu. Seyal lenyewe ni neno la Kiarabu, jina la mgunga huko kwao.

Wazungu waliupa jina la mti wa homa. Waliona kwamba waliopiga kambi chini yake waliugua malaria, wakaulaumu mti. Mti haukuwa na hatia. Unapenda maji yaliyo karibu na uso wa ardhi, na mbu anapenda maji hayo hayo. Mwaka 1897 Ronald Ross, akiwa India, alionyesha vimelea vya malaria ndani ya mbu, lakini jina lilikuwa limeshakauka kwenye vitabu. Ukiwa mwongoza watalii, eleza jambo hili kila mara, kwa sababu bado wapo wanaouliza kama ni salama kukaa kivulini pake.

Kwenye vitabu vya zamani utaukuta kama Acacia xanthophloea. Acacia linahusishwa na neno la Kigiriki la ncha au mwiba. Mwaka 2005 mkutano wa wataalamu wa mimea huko Vienna uliamua kwamba jina Acacia libaki na kundi kubwa la Australia, na mkutano wa Melbourne wa mwaka 2011 ukalithibitisha. Migunga yetu ikagawanywa, mingi ikaingia Vachellia, mingine Senegalia. Kipimo cha haraka: Vachellia wana miba iliyonyooka inayotoka miwili miwili na maua ya duara kama vifungo, Senegalia wana miba mifupi iliyopinda kama kucha, na wengi wao maua yao ni marefu kama brashi ya chupa. Vachellia limetokana na Vachell, kasisi Mwingereza aliyekusanya mimea Macao karne ya 19. Kwamba mti wa Bonde la Ufa sasa unabeba jina la kasisi wa Macao huku jina lililotokana na mwiba likienda Australia, ni jambo linalouma. Ndiyo sababu nzuri ya kuandika olerai juu kabisa ya kibao cha jina utakachouwekea mti.

Ile migunga mikavu iliyosimama majini pia ni sehemu ya somo. Ziwa lilianza kujaa tangu karibu mwaka 2010, likameza pwani yake pamoja na majengo ya lango kuu la zamani. Mgunga huu unavumilia maji kwa muda, lakini mizizi ikikaa chini ya maji miaka mingi inakosa hewa na mti unakufa ukiwa wima. Usiandike "umekauka kwa ukame".

Bondo: jina la daktari, jina la mji

Upande wa mashariki, kwenye miteremko ya Lion Hill, kuna msitu wa Euphorbia candelabrum. Shina ni fupi, kisha matawi mengi mazito ya kijani yanainuka pamoja kama taa ya kinara, na candelabrum kwa Kilatini ni kinara chenyewe. Euphorbia ni kumbukumbu ya Euphorbus, daktari wa mfalme Juba wa Pili wa Mauretania, Afrika Kaskazini. Wamaasai wanauita olpopongi. Waluo wanauita bondo, na kutoka Nakuru hadi mji wa Bondo kule Siaya unaweza kwenda ukiwa na jina hilo mdomoni.

Wageni wengi huuita dungusi. Dungusi ni wa Amerika. Tofauti unaiona bila kugusa: kwenye bondo, vijiba viwili viwili vimepangwa kwenye ukingo wa kila tawi, na tawi lina pembe tatu hadi tano. Kwenye dungusi, miba hutoka kwa vishada kwenye vitundu vyenye manyoya. Usijaribu kuhakiki kwa kuvunja tawi. Bondo hutoa utomvu mweupe kama maziwa, nao huunguza ngozi na ukiingia jichoni unaweza kupofusha. Ikitokea, osha jicho kwa maji safi mengi yanayotiririka kwa dakika 15 au zaidi, usilifikiche, na uende hospitali hata kama maumivu yametulia. Watoto wafundishwe hili kabla ya kufundishwa jina.

Pua na kidole

Leleshwa, Tarchonanthus camphoratus, ndicho kichaka cha kijivu kinachofunika miteremko mikavu ya mbuga na sehemu kubwa ya Menengai. Chukua jani moja la kichaka cha nje ya mbuga. Upande wa juu ni kijani kilichofifia, upande wa chini ni mweupe na laini kama blanketi jipya. Lifikiche kati ya kidole gumba na cha shahada, usogeze puani: ni kafuri. Ndiyo maana ya camphoratus. Jenasi yake inatokana na tarchon, jina la kale la kiungo cha tarragoni, na anthos, ua. Morani wa Kimaasai walikuwa wakiyaweka majani makwapani yawape harufu nzuri, na hakuna atakayesahau mmea huu baada ya kuusikia hivyo. Vichaka vya kiume na vya kike ni tofauti. Vile vyenye pamba nyeupe matawini ni vya kike, pamba hiyo ni manyoya ya mbegu. Usiandike kwamba ni mimea miwili.

Senetwet, Senna didymobotrya, inataka pua pia. Ua lake ni la manjano kali, limesimama wima kama mshumaa wenye kofia nyeusi ya machipukizi. Fikicha jani: watu wengine husikia njugu zilizokaangwa, wengine husikia harufu ya kuchukiza, na wote hawajakosea. Didymos ni pacha, botrys ni kishada, na senna limetoka kwa Kiarabu, sana. Waluo wanaiita owinu. Wakalenjin huchoma vijiti vyake na kusugulia makaa ndani ya kibuyu cha mursik, maziwa yao ya mgando. Majani yake yanaharisha vibaya. Tambua, simulia, usimpe mtu anywe.

Kwa kidole, jaribu Dodonaea viscosa huko Menengai, ambako huota hata juu ya mawe ya lava. Viscosa ni ya kunata, na majani machanga yananata kweli. Dodonaea ni kwa heshima ya Rembert Dodoens, daktari na mtaalamu wa mimea wa Flanders wa karne ya 16. Usijaribu kwa kidole kile kilichoko chini ya migunga: thabai, Urtica massaica. Urtica linatokana na kitenzi cha Kilatini cha kuunguza, na massaica ni ya Umaasaini. Nywele zake ni kama sindano za kioo zinazovunjika ndani ya ngozi. Vaa suruali ndefu kwenye vituo vyenye kivuli.

Miti miwili ya kupe

Croton kwa Kigiriki ni kupe, na ukipata mbegu yake utaelewa papo hapo: ni ya mviringo, bapa kidogo, yenye rangi ya kijivu au kahawia, kama kupe aliyeshiba. Kuna miti miwili inayochanganywa kila siku.

Croton megalocarpus, mũkindũri kwa Wakikuyu na musine kwa Waluhya, maana yake ni mwenye tunda kubwa. Tunda ni gumu kama mbao, lina urefu wa sentimita 3 hivi, na ndani lina mbegu tatu. Matawi yametandazwa kwa tabaka, na upepo ukigeuza majani unaona fedha upande wa chini.

Croton macrostachyus ni tebeswet kwa Wakalenjin, mũtũndũ kwa Wakikuyu, musutsu kwa Waluhya. Macros ni ndefu, stachys ni suke: maua yake hukaa kwenye suke refu linalofika sentimita 30 hivi. Tunda ni dogo, karibu sentimita 1. Jani lina umbo la moyo, na kabla ya kudondoka huwa la rangi ya chungwa kali, kwa hiyo karibu kila mara utakuta jani moja au mawili ya chungwa kati ya mabichi. Hilo ndilo la kutafuta kwa darubini. Kama huoni jani la chungwa, tafuta tunda chini. Ukikosa yote mawili, andika "Croton" peke yake, usibahatishe.

Zeituni mwitu, Olea europaea wa aina ya cuspidata, anastahili tusimame mbele yake kidogo kwa sababu kila mtu ana jina lake: oloirien, mũtamaiyũ, emitiot, kang'o. Cuspidata ni mwenye ncha kali, na jani jembamba linaishia kweli kwenye ncha. Upande wa chini una rangi ya dhahabu au kijivu. Hapo ndipo pa kukagua. Mti huu ni mgumu, unakua polepole, na umekatwa sana kwa makaa na nguzo. Ukiupata mkubwa nje ya mbuga, pima mzingo wa shina kwa urefu wa mita 1.3 kutoka ardhini na uandike tarehe.

Mtunguja, Solanum incanum, uko kila kona yenye udongo uliokanyagwa. Incanum ni wa mvi, na majani yake yana vinyweleo vya kijivu kama nywele za mzee. Kimaasai ni entulelei, na Kiswahili cha bara kina ndulele, masikio yenyewe yanatosha kuona ukaribu. Kiluo ni ochok, Kikuyu mũtongu, Kikalenjin labotwet. Tunda la manjano ni sumu.

Kwenye tambarare nyeupe za magadi kando ya maji huota nyasi ngumu, Sporobolus spicatus, mtupa-mbegu mwenye masuke. Haina umbo la kuvutia, lakini ni chache zinazoweza kuishi pale.

Majina yanayodanganya

Jina la mahali halisemi mmea unaishi wapi. Linasema tu ulipatikana wapi ulipoandikwa mara ya kwanza. Vachellia abyssinica haikomei Ethiopia, na Warburgia ugandensis, mũthiga kwa Wakikuyu na osokonoi kwa Wamaasai, ni mti wa Kenya vile vile. Mara chache jina la kitaalamu limechotwa kwetu: Kigelia, ule mti wa matunda kama soseji ambao Waluo huuita yago na Wakikuyu mũratina, limetoka kwa jina la Kibantu la Msumbiji, kigeli-keia.

Jina la kienyeji nalo si hati ya uzawa. Wakikuyu wana mũkima, na mũkima ni Grevillea robusta kutoka Australia. Lantana camara ina jina zuri la Kiluo, nyabend winy, na winy ni ndege, maana ndege ndio wanaoieneza. Asili yake ni Amerika, na mbugani ni mvamizi anayesonga vichaka vya kwetu. Jakaranda ya barabarani ni ya Amerika Kusini, mkaratusi ni wa Australia. Vitoe vyote kwenye orodha ya mimea ya asili, au uvipe ukurasa wao.

Kabla ya kukamilisha orodha, linganisha tahajia ya kila jina la kitaalamu na hifadhidata ya mtandaoni ya bustani ya Kew. Kwa mmea uliokushinda, peleka picha zako tano na maelezo ya mahali kwa hebaria (hifadhi ya mimea iliyokaushwa) ya Afrika Mashariki, iliyoko Makavazi ya Taifa, Nairobi.

Vibao

Vibao viwekwe kwenye miti ya shule, ya kanisa, ya mtaa au ya shamba, si mbugani bila ruhusa. Kata aluminiamu laini kipande cha sentimita 12 kwa 8, zungusha pembe kwa mkasi zisikate mtu, toboa tundu mbili juu. Weka kipande juu ya gazeti lililokunjwa mara nne na uandike kwa kalamu ya wino iliyokwisha, ukikandamiza. Maandishi yanazama kwenye bati na hayafutiki. Kalamu ya rangi ya kudumu huonekana nzuri siku ya kwanza, lakini jua la Nakuru hulifuta jina, na mti unabaki na bati tupu.

Andika hivi, la kienyeji kubwa zaidi:

OLERAI, MŨRERA, MGUNGA
Vachellia xanthophloea
Gome la manjano: xanthos, manjano, phloios, gome

Mstari wa maelezo usizidi maneno kumi. Anayepita hasimami kusoma insha.

Usipige msumari, na usifunge waya ukakaza. Chakula cha mti hushuka kupitia tabaka jembamba lililo chini tu ya gome, na wataalamu wameliita floemu, kutoka phloios ile ile. Mti ukinenepa ndani ya waya uliokaza, tabaka hilo hukatika pande zote, mizizi hufa njaa, kisha mti wote. Tumia waya wa mabati uliozungushwa kama springi, uache nafasi ya sentimita 5 kati ya waya na gome, na uulegeze kila mwaka mwezi wa Januari. Penye nyani, usitundike kitu kinachong'aa, watakivuta hadi kitoke. Hapo simika nguzo fupi ya chuma iliyozikwa sentimita 40 kwenye zege, mita moja kutoka shinani ili usikate mizizi mikubwa, na upake bati rangi isiyometa.

Kwenye bondo usitundike chochote. Waya ukikwaruza tawi, maziwa yanadondoka, na anayesoma kibao ndiye aliye chini yake.